Pishi ya Mtu Mmoja

Ijumaa baada ya swala, nje ya misikiti mingi ya pwani hii, tangu Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo mjini, utakuta meza iliyopangwa chupa: habasoda, asali, mafuta ya zeituni, siki ya tufaha. Pembeni kuna tende za ajwa kutoka Madina, ndani ya boksi lenye maandishi ya dhahabu na bei inayolingana na maandishi hayo. Muuzaji atakwambia hiki ndicho chakula cha Mtume, na kwamba ukikizoea utasahau njia ya kwenda hospitali. Makanisani nako hawako nyuma. Kuna mfungo wa Danieli wa siku kumi, na kuna unga wa lishe uliopigwa chapa ya mstari wa Biblia kwenye mfuko wake.

Sina ugomvi na habasoda. Kwetu ipo kabatini, na mtu akipata mafua hutolewa. Ninachokikataa ni wazo linalouzwa pamoja na chupa, kwamba mtu wa Bagamoyo akitaka kula kwa imani yake lazima kwanza aagize chakula cha watu wengine. Wazo hilo linawafaa wauzaji. Vitabu vyenyewe haviliungi mkono.

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kuna kisa kilichotokea nyumbani kwa Bibi Maimuna, mke wa Mtume. Paliandaliwa nyama ya kuchoma ya dhabbu, yule mjusi mkubwa wa jangwani. Mtume alinyoosha mkono, akaambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Khalid bin Walid, mpwa wa Bibi Maimuna, akauliza kama ni haramu. Jibu lilikuwa hapana: mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake Mtume, basi roho yake haikumtaka. Khalid akaivuta nyama kwake, akala, na Mtume akimtazama bila kumkemea. Nakipenda kisa hiki kuliko mawaidha mengi ya lishe niliyowahi kusikia. Humo Mtume hakuwapangia watu orodha ya vyakula vya peponi. Alionesha kwamba chakula kina kwao, na kwamba anayeacha kitu kwa kuwa hakukikulia hana sababu ya kumharamishia mwenzake.

Na vyakula alivyokuwa akila vilikuwa vya Madina: tende, shayiri, maziwa, siki ikikosekana mboga nyingine. Bibi Aisha alimsimulia Urwa, mtoto wa dada yake, kwamba miandamo mitatu ya mwezi ilipita bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, na walichoishi nacho ni tende na maji, pamoja na maziwa waliyoletewa na majirani. Ajwa ya leo inakuja na ndege. Ile ya Madina ilichumwa nyuma ya nyumba.

Danieli naye ni hivyohivyo. Alikuwa mateka Babeli, akapangiwa chakula na divai ya meza ya mfalme, akaogopa kujitia unajisi. Yeye na wenzake watatu wakaomba wajaribiwe siku kumi kwa mtama na maji. Mtama haukuwa dawa ya siri. Kilichokataliwa pale ni meza ya mfalme pamoja na deni linalomfuata kila anayeila, na kilichoombwa ni chakula ambacho mtu yeyote wa mji ule angeweza kukipata. Anayenunua leo mfuko wa unga wa Danieli kwa bei ya kitoweo cha wiki nzima amehamia meza ya mfalme kwa mlango wa nyuma.

Basi cha kwetu ni kipi? Ukanda huu unaoanzia Mbweni, ukapita Mlingotini ambako akina mama hulima mwani, ukafika Kaole na Bagamoyo, kisha ukavuka Ruvu na Wami kuelekea Saadani, una chakula chake. Kuna muhogo, kunde, mtama kwa wachache waliobaki nao, mchele wa bonde la Ruvu, kisamvu, mchicha, matembele. Kuna nazi. Kuna nanasi la Kiwangwa, ambalo msimu wake ukifika hujaa barabarani hadi Dar es Salaam. Na kuna bahari. Muhogo nao ni mgeni, Wareno waliuleta Afrika kutoka Amerika, lakini umekaa hapa kiasi kwamba hakuna anayeuliza pasipoti yake.

Kwa habari ya bahari, Waislamu wa pwani wana aya mbili ambazo hata mvuvi asiyejua kusoma anazijua kwa maana. Katika Surat An-Nahl, aya ya 14, bahari imetajwa kuwa imetiishwa ili watu wale humo nyama mbichi, laini. Katika Surat Al-Maida, aya ya 96, vuo la bahari limehalalishwa. Kisha kuna habari ya jeshi la Abu Ubaida, watu 300 waliotumwa kuelekea pwani ya Bahari ya Shamu. Chakula kilipungua mpaka kila mmoja akawa anapewa tende moja kwa siku. Walipofika baharini wakakuta samaki mkubwa kama kilima ametupwa ufukweni, wakamla kwa muda wa nusu mwezi au zaidi. Waliporudi Madina wakasimulia, na Mtume akauliza kama wamebakiza. Akaletewa kipande, akala. Wanazuoni wanaitumia habari hiyo kueleza kwamba samaki hachinjwi.

Samaki hachinjwi! Katika nchi yetu hili si jambo dogo. Mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya bucha ulimwaga damu ya mtu. Kwenye soko la samaki la Bagamoyo, pale ufukweni karibu na jengo la zamani la forodha, hakuna anayeuliza kibua kimeuawa na nani wala kwa jina la nani. Mkristo ananunua kwa Mwislamu, Mwislamu kwa Mkristo, kila mmoja anakwenda zake na kitoweo halali. Mwaka 2025 Kwaresma ilianza tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeshaingia siku chache kabla. Mji mzima ukawa umefunga kwa namna moja au nyingine, wengine wakijizuia mchana kutwa, wengine wakiacha nyama siku za Ijumaa, na wote wakikutana jioni mbele ya fungu lilelile la samaki.

Wakatoliki wa Bagamoyo wana aya yao ya ufukweni. Mwisho wa Injili ya Yohana, Yesu aliyefufuka anawangoja wavuvi wake kando ya ziwa, amewasha makaa na samaki juu yake, na mkate. Wanavuta wavu wenye samaki 153, naye anawakaribisha wafungue kinywa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika hapa kutoka Unguja mwaka 1868 na kujenga misheni hawakuhitaji kuwafafanulia wavuvi mahubiri hayo. Misheni ile ilipanda minazi na bustani, ikajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na watu hao walilima ili wale. Nadhani hiyo ndiyo maana ya kwanza ya lishe ya imani katika mji huu: mtu aliyekuwa akilishwa na bwana wake kuanza kula jasho lake.

Nilimkuta sokoni bi mkubwa mmoja mkaangaji, ameketi kwenye kigoda nyuma ya karai lake, moto wa kuni chini, vibua vinalia ndani ya mafuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nikufungie wa shilingi ngapi?"

Nikamwambia leo sitaki wa kukaanga, nataka wabichi nikapike chukuchuku. Akacheka. "Basi nenda kwa wale waliotoka majini sasa hivi. Chukuchuku haifichi kitu. Mafuta ni ya samaki aliyelala."

Ameifupisha sura nzima. Samaki wa chukuchuku hupikwa hivi: unampara magamba, unamtoa matumbo na mashavu, unamchanja mbavuni, unamsugua chumvi na ndimu. Unamlaza sufuriani, juu yake kitunguu na nyanya, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, bizari ukipenda, kisha maji ya kumfunika tu. Moto wa wastani. Nyama ikianza kuachana na mwiba, unaepua. Hakuna tone la mafuta, na mchuzi wake unanywewa. Lakini ni lazima samaki awe wa leo. Chakula chepesi kinadai kitu kizuri tangu mwanzo, na anayedhani ni chakula cha mtu asiyejua kupika hajawahi kumpelekea mama mkwe chukuchuku ya changu aliyelala.

Sasa nije kwenye Ramadhani, maana hapo ndipo tunapojikwaa.

Surat Al-A'raf, aya ya 31, inaruhusu kula na kunywa na papo hapo inakataza kupita kiasi. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib inaweka hesabu: vinamtosha mwanadamu vitonge vya kumsimamisha mgongo, na akiona lazima aongeze, basi theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, theluthi kwa pumzi. Aya na hadithi hizi husomwa mimbarini kila mwaka. Kisha jua linazama, na kwenye jamvi kunakuwa na tende, uji wa pilipili manga uliokolezwa sukari, kaimati zinazoelea kwenye shira, tambi za sukari, sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, chapati, viazi vya nazi, wali, na jagi la juisi iliyotiwa sukari juu ya utamu wake. Mwezi uliowekwa kupunguza umekuwa mwezi wa bajeti kubwa kuliko yote. Bei ya sukari ikipanda Shaabani, mitaani hulalamikiwa kana kwamba sukari ni nguzo ya sita.

Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 9 wana kisukari. Watu wa Bagamoyo hawahitaji kuambiwa hili na wataalamu. Katika kila ukoo kuna anayekunywa chai isiyo na sukari. Siwakatazi watu kaimati. Mimi mwenyewe zikipita mbele yangu sijifanyi sizioni. Ninachosema ni kwamba zilikuwa za siku mojamoja, zikaletwa jirani kwa kisahani, tatu nne. Ni sisi tuliozifanya za kila siku, kwa beseni.

Na futari yenyewe, ile ya asili, haina kosa lolote. Ni muhogo, au magimbi, au viazi vitamu, au ndizi mbichi, au boga, kilichopatikana shambani siku ile, kimechemshwa kwa tui. Tazama inavyopikwa na mtu anayejua. Nazi moja inakunwa kwenye mbuzi, chicha inakamuliwa kwa maji machache kwanza, na tui hilo zito, kasimile, linawekwa kando. Chicha ileile inatiwa maji tena, inakamuliwa mara ya pili na ya tatu, na tui hilo jepesi ndilo linalochemsha muhogo pamoja na chumvi na iliki kidogo. Muhogo ukishalainika, kasimile inamiminwa juu, inakorogwa taratibu kuelekea upande mmoja isije ikakatika, ikitokota mara moja tu chungu kinateremshwa. Nazi moja imewalisha watu sita na kila mmoja ameionja. Siku hizi watu hutia nazi tatu, wakakamua mara moja, wakatupa chicha, na juu yake wakaongeza sukari. Utajiri huo haukuongeza ladha. Muulize mzee yeyote aliyeonja zote mbili.

Kuna kitu kingine kilichokuwa kikilinda kiasi, nacho ni sinia. Muslim amepokea kwamba chakula cha mmoja huwatosha wawili, na cha wawili huwatosha wanne. Mtoto Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, mkono wake ulikuwa ukizunguka chombo kizima. Akafundishwa ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Watu watano wakizunguka sinia moja, kila mkono unaonwa. Mwenye njaa anasogezewa mnofu. Mlafi anaona haya kabla hajashiba, na haya hiyo inafanya kazi ambayo daktari wa lishe hulipwa kuifanya. Sahani ya mtu pekee yake haina shahidi.

Bagamoyo ina sababu zaidi ya kulithamini sinia. Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931 na ambaye maulidi ya nyumba yake bado hukusanya wageni kutoka kila upande wa nchi, aliletwa hapa akiwa mtoto mtumwa kutoka Kongo. Alisoma, akamiliki mashamba ya minazi, akawa khalifa wa twarika ya Kadiria katika mji ambao zamani ulimpima mtu kwa nasaba yake. Twarika ile iliwafungulia mlango waliotoka bara na waliotoka utumwani, wakakaa katika halka moja na waungwana. Maulidi hayana utaratibu wa kuuliza babu yako alikuwa nani kabla hujapewa nafasi kwenye sinia. Wali wa maulidi, nakiri, hauna theluthi mbili za kubakiza. Lakini huliwa na wengi, tena kwa siku iliyo na jina.

Nimeeleza sana kuhusu kiasi, na msomaji anaweza kuuliza kiasi hicho ni kipi hasa kwa mtu mmoja. Vitabu viwili vinavyosomwa pwani hii vinakutana mahali pa ajabu. Wana wa Israeli walipolishwa mana jangwani, Biblia ya Kiswahili inasema kila kichwa kilipimiwa pishi. Aliyeokota kingi hakuzidiwa, aliyeokota kichache hakupungukiwa, na waliokiweka mpaka asubuhi walikuta kimeingia funza. Na Mwislamu, kabla ya swala ya Idi, anatoa zaka ya fitri kwa ajili ya kila mtu wa nyumba yake, mkubwa na mdogo, hata kichanga kilichozaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama: pishi kwa kichwa. Siku hizi hukadiriwa kilo mbili na nusu za mchele. Pishi ni vibaba vine, na wazee wetu walikuwa na kopo la kibaba dukani kabla ya mizani ya kilo.

Kibaba chenyewe kina kazi yake. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na mzee ambaye saumu imemshinda, Kurani imewapa ruhusa katika Surat Al-Baqara, aya ya 184: wale, na badala yake walishe maskini. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yote hii, fidia hiyo ni kibaba kimoja kwa kila siku. Nawafahamu wazee wenye kisukari wanaong'ang'ania kufunga, wanaanguka saa tisa mchana, wanachukuliwa kwa bajaji, na jamaa wanasema masikini, ana imani huyu. Imani hiyohiyo imemtengea kibaba. Mwezi wa siku 30 una vibaba 30, yaani pishi saba na nusu, kilo kumi na tisa hivi za mchele, na maskini wa kupelekewa hakosekani mtaa wa tatu. Mzee huyo akila mchana muhogo wake wa kiasi na kipande cha chukuchuku, bila kujificha, hajavunja chochote.

Na mchele huo, utolewe kama fitri au kama fidia, una sharti lake. Hadithi ya Ibn Umar inataja tende na shayiri, kwa kuwa ndivyo vilivyoliwa Madina. Mafakihi wa Kishafi wakaweka kanuni: kitolewe chakula kikuu cha mji anaoishi mtoaji. Mji ukila mtama, ni mtama. Ukila mahindi, ni mahindi. Bagamoyo hula wali, basi ni mchele, tena ule ambao mwenyewe angeupika nyumbani kwake, si wa kubagua mawe. Hakuna shehe wa mji huu atakayekudai shayiri.